Matembezi ya Jamaa Katika Nyika na Misitu ya Peak District

Wenzetu waliotoka shule hii na kwenda ng'ambo wamekwisha kutuandikia habari za vyuo, viwanda na majumba marefu. Mhariri aliponiomba nami niandike habari za mahali ninapokaa, nilichagua jambo ambalo labda hamkulitazamia, yaani habari za kutembea kwa miguu: baba, mama na watoto, pasipo kwenda sokoni wala kanisani wala kumjulia hali mgonjwa, bali kutembea kwa ajili ya kutembea tu.

Najua wako watakaocheka. Mtu aliyekwenda shule maili nne asubuhi na maili nne jioni, tena pekupeku, hawezi kuona kwamba kutembea ni mchezo. Kwake yeye gari ndiyo raha. Lakini nimekaa katika mji wa Sheffield miaka kumi na mitatu sasa, na watoto wangu watatu wamezaliwa hapa, nami nimeona kwamba hakuna kitu kilichowafunza nchi hii, wala kilichotukutanisha sisi kama jamaa, kuliko siku zile tunazotoka na shanta zetu kwenda porini. Basi nataka kueleza mambo matatu: nchi hiyo ilivyo, jinsi watu wa kawaida walivyopata ruhusa ya kuikanyaga, na jinsi ya kuwaingiza watoto humo na kuwarudisha nyumbani salama.

NCHI YENYEWE

Sheffield uko kaskazini ya England, nao una sifa ya zamani kwa visu na chuma cha pua. Upande wa magharibi nyumba zakoma ghafula, na milima yaanza. Hiyo ndiyo Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa tarehe 17 Aprili 1951. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,437, na sehemu ya mji wenyewe imo ndani yake.

Ninaposema milima msifikiri Masaba. Sisi tuliosoma chini ya Mlima Elgon tumezoea kilele cha Wagagai chenye mita 4,321. Kinder Scout, ambayo ni juu kuliko mahali pote pa Peak District, ina mita 636 tu. Hata hivyo mtu aliyepanda Masaba ataona kitu anachokijua. Kwetu mpandaji huacha migomba na mibuni, akaingia msituni, akapita mianzi, kisha akatokea kwenye nyika ya juu, ya baridi na upepo, penye vichaka vya jamii ya erika. Safari hiyo huchukua siku nzima na zaidi. Hapa mtoto wa miaka sita huweza kutoka msituni na kufika nyikani kwa muda wa saa moja.

Mmea mkubwa wa nyika hii ni ndugu wa erika ya kwetu, lakini ile ya Elgon hukua ikawa mti mrefu kupita mtu, na hii ya hapa haipiti goti sana. Mwaka mzima ni ya rangi ya kahawia, nawe wapita usiitazame. Mwezi wa Agosti huchanua, na mlima wote ukawa wa zambarau, kama mtu aliyeutandikia zulia.

Chini ya mimea hiyo kuna udongo mweusi, laini, unaobonyea kama sifongo. Huo si udongo wa kawaida. Ni mimea ya zamani iliyokufa, ikalala katika maji, ikashindwa kuoza kwa sababu hewa haikuifikia. Huongezeka kama milimeta 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo mahali ulipo na kina cha mita 2, mtoto wako asimama juu ya miaka elfu mbili. Udongo huo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole, tena umehifadhi ndani yake kaboni nyingi ambayo, ukikauka au kuungua, hupanda hewani na kuzidisha joto la dunia. Kwa hiyo wenye hifadhi wanaziba mifereji ya zamani ili maji yarudi, na mimea ya majimaji iote tena.

Watu wengi hudhani nyika hiyo imekuwa tupu tangu kuumbwa. Sivyo. Zamani sehemu kubwa ilikuwa na miti. Watu wa kale waliifyeka na kuichoma, kondoo wakala machipukizi, na baadaye matajiri wakaichoma kwa zamu ili kuwapatia chakula ndege wa jamii ya kwale waliowawinda kwa bunduki. Misitu ilibaki mabondeni, hasa katika makorongo yenye mawe ambako shoka na kondoo vilipata taabu kufika.

JINSI ILIVYOFUNGULIWA

Siku moja tulifika kwenye lango dogo la mbao, na nyuma yake hapakuwa na nyumba wala mtu, ila nyika tu. Binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alisimama akaniuliza, "Baba, sisi twaruhusiwa hapa?" Nilimjibu kwamba twaruhusiwa. Lakini swali lake ni zuri, na jibu lake ni refu, maana wakati babu zetu walipokuwa vijana hata Mwingereza mwenyewe hakuruhusiwa.

Katika miaka ya 1920 na 1930 sehemu kubwa ya nyika hizi zilikuwa mali ya makabaila wachache. Walizitumia siku chache tu za mwaka kuwinda ndege wao, na siku nyingine waliweka walinzi wenye fimbo kuwafukuza wapitaji. Huku na huku palikuwa na miji mikubwa miwili, Sheffield na Manchester, iliyojaa wafanya kazi wa viwandani. Watu hao walivuta moshi siku sita za juma, au hawakuwa na kazi kabisa, maana zilikuwa siku za dhiki. Jumapili walitaka hewa safi. Milima waliiona kwa macho, lakini miguu haikuruhusiwa.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana walikusanyika katika kijiji cha Hayfield. Aliyewaongoza alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20 kutoka Manchester. Wakapanda Kinder Scout mchana kweupe bila ya idhini. Walinzi walijaribu kuwazuia, pakawa na msukumano. Waliposhuka polisi wakakamata watu, na vijana watano wakahukumiwa kifungo cha kati ya miezi miwili na sita. Hukumu hiyo iliwachukiza watu wengi ambao hapo kwanza hawakuwa na habari ya nyika wala ya kwale.

Na si wote waliopigania nchi hii kwa njia hiyo. Mjini Sheffield alikuwako mama mmoja, Ethel Haythornthwaite. Mume wake wa kwanza aliuawa katika Vita Kuu mwaka 1917, naye katika huzuni yake aliona kwamba kutembea milimani kwamliwaza. Mwaka 1924 alianzisha chama cha kulinda uzuri wa nchi iliyozunguka mji wake. Shamba kubwa la Longshaw, lililokuwa mahali pa kuwindia pa Duke wa Rutland, lilipouzwa, mama huyo aliongoza harambee ya kulinunua kwa fedha za watu. Mwaka 1931 likakabidhiwa chama cha National Trust, ambacho kazi yake ni kuweka nchi na majumba kwa faida ya wote. Wengine walikwenda gerezani, wengine walikwenda mlango kwa mlango wakiomba shilingi, na wote walisaidia.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za miguu. Tarehe 24 Aprili 1965 ikafunguliwa njia ndefu iitwayo Pennine Way, inayoanzia kijiji cha Edale katika Peak District na kwenda mpaka Kirk Yetholm katika Scotland, maili 268. Kisha mwaka 2000 ikapitishwa sheria nyingine, iliyotumika England nzima kufikia mwaka 2005, inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika nyika zilizopigwa alama kwenye ramani, hata kama zina mwenyewe. Mwaka 2002, miaka sabini baada ya vijana wale kufungwa, Duke wa Devonshire alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa mambo yaliyotendwa siku za babu yake.

Basi ndivyo nilivyomweleza binti yangu, kwa maneno mepesi zaidi. Lakini haki iliyoandikwa ni jambo moja, na kujiona una haki ni jambo jingine. Waafrika na Waasia wengi wa miji hii hawaendi nyikani, si kwa kukatazwa, bali kwa kuwa hawajaona mtu wa kwao akienda. Ndiyo maana mwaka 2004 hapa Sheffield liliundwa kundi la wanaume weusi wa kutembea pamoja, na mmoja wa waanzilishi wake ni Maxwell Ayamba, mzaliwa wa Ghana. Habari za kundi hilo zilitungiwa hata mchezo wa kuigiza mwaka 2018.

NJIA MOJA YA KUANZIA

Jamaa yenye watoto isianze na Kinder Scout. Mimi hupenda kuwapeleka wageni Grindleford. Mnapanda treni stesheni ya Sheffield, na baada ya muda mfupi inaingia katika pango la Totley, ambalo lina urefu wa zaidi ya kilometa 5 na nusu na lilichimbwa katika karne ya 19. Watoto huhesabu dakika za giza. Treni inapotoka pangoni papo hapo ndipo stesheni ya Grindleford, na mnashuka. Mji umepotea.

Kutoka hapo mnapita daraja na kuingia katika korongo la Padley. Huu ni msitu wa kale wa mialoni, mifupi na iliyopindapinda, na mawe makubwa yaliyovikwa kijani kibichi. Kijito cha Burbage changuruma chini yenu, kikianguka kutoka jiwe hadi jiwe. Njia ina mizizi na mawe, kwa hiyo mtoto mchanga abebwe mgongoni. Kigari chake hakifai hapa. Kwa mama wa Kiafrika hilo si jambo la kufundishwa.

Mwambie mtoto atazame chini, ataona vichuguu vya majani makavu, vingine vikimfikia kifuani. Hivyo ni viota vya sisimizi wakubwa wa msituni. Hupanda miti wakakamua utamu kwa vidudu vidogo vinavyonyonya maji ya majani, kama mtu akamuavyo ng'ombe. Kisha atazame juu. Mwezi wa Mei kuna ndege mdogo mweusi kwa mweupe anayekaa katika matundu ya mialoni. Ndege huyo hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi, na kila mwaka huvuka Sahara kuja kuzaa katika misitu kama huu. Wanangu humwita "mgeni mwenzetu".

Baada ya mwendo wa kilometa 2 hivi msitu wafunguka, na kijito chawa chembamba na cha taratibu kati ya majani. Hapo watoto huvua viatu. Usiwaharakishe, maana kwao hapo ndipo safari ilipokuwa ikienda. Ng'ambo ya kijito, juu kidogo, ni Longshaw yenyewe, na jumba la zamani la wawindaji ambalo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Kuna chai na keki, na choo, neno ambalo mwenye watoto hawezi kulidharau. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 5 au 6, na kupanda kwake hakuzidi mita 200.

Jamaa yenye nguvu bado yaweza kuendelea katika bonde la Burbage. Hapo kuna barabara pana ya zamani, isiyo na mwinuko mkali, iliyotengenezwa kwa magari ya farasi ya wageni wa Duke waliokuja kuwinda. Leo akina mama wanasukuma vigari vya watoto juu yake. Huku na huku ni nyika, na mbele yenu ni magenge ya mawe ya kijivu.

Jambo moja zaidi katika sehemu hizo lastahili kutazamwa. Kando ya njia, katika kangaga na magugu, yamelala mawe ya kusagia, ya duara, yenye tundu katikati, mengi mno, kama sarafu zilizomwagwa na jitu. Mafundi waliyachonga kwa mkono miaka mingi iliyopita. Kisha watu walianza kutaka mkate mweupe, na jiwe hili liliuchafua unga kwa vumbi la kijivu. Biashara ikafa, na mawe yakaachwa pale pale yalipochongwa. Hifadhi imechukua jiwe la kusagia kuwa alama yake. Mama yangu alipokuja kututembelea aliliwekea mkono jiwe moja, akapapasa mifereji yake, akauliza, "Hili walisagia wimbi?" Tukamwambia ni ngano na shayiri. Akakaa juu yake, akawaonyesha wajukuu jinsi yeye na mama yake walivyosaga, mmoja akitia nafaka na mwingine akisukuma. Watoto waliokuwa wakilalamika kwa uchovu walisahau miguu yao.

KANUNI ZA KUTEMBEA NA WATOTO

Nchi hii ni nzuri, lakini si ya kuchezea. Mwezi wa Machi 1964 vijana watatu wa skauti, wenye nguvu zao, walikufa kwa baridi na mvua katika nyika hizi wakiwa katika mashindano ya kutembea. Baada ya msiba huo vikosi vya uokoaji wa milimani katika Peak District viliunganishwa chini ya utaratibu mmoja. Waokoaji hao hujitolea, wala hawatozi mtu senti. Yafaa basi kushika kanuni chache.

Kanuni ya kwanza ni ya mwendo. Mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye mdogo. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa hesabu inayotumika mpaka leo: saa 1 kwa kila maili 3 za ramani, na saa 1 zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya sasa ni karibu kilometa 5 kwa saa, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300. Njia ya kilometa 6 yenye kupanda mita 200 ingemchukua mtu mzima kama saa 1 na nusu. Ukiwa na watoto zidisha mara mbili, kisha ongeza muda wa kula, wa kurusha mawe majini na wa kutazama sisimizi. Siku imekwisha. Mtoto mdogo na atangulie, mtu mzima awe nyuma. Wakubwa wakitangulia mdogo hukimbia siku nzima, na kila anapowafikia wao wamekwisha kupumzika na wanaondoka.

Ya pili ni ya saa. Kwetu jua huchwa wakati ule ule mwaka mzima. Hapa mwezi wa Juni kuna mwanga hata saa tatu na nusu usiku, lakini Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kabla ya kutoka, wekeni saa ya kugeuka, na saa hiyo ikifika geukeni, hata kama kilele kiko karibu. Mlima hauondoki.

Ya tatu ni ya mavazi. Jua la asubuhi lisikudanganye. Juu kuna upepo, na mvua huja bila ya kubisha hodi. Kila mtu awe na koti la mvua, sweta ya akiba na kofia. Nguo za pamba zikilowa hushika maji na kuupoza mwili. Sufu ni bora. Mtoto anayebebwa hupata baridi kabla ya wote, kwa kuwa yeye hatembei. Ukiona mtoto anatetemeka, kisha amenyamaza na kuwa mzito wa kusema, usingoje; mkinge upepo, mvike nguo kavu, mpe kitu chenye sukari, mkarudi.

Ya nne ni ya chakula. Mtoto hulishwa kabla ya kuona njaa. Sisi huchukua chapati zilizokunjwa na mayai, ndizi, njugu na chai katika chupa. Wapitaji Waingereza hutazama chapati zetu kwa tamaa, na zaidi ya mara moja urafiki umeanzia hapo.

Ya tano ni ya ramani. Simu ya mkononi ina ramani, lakini betri huisha, na mabondeni mawasiliano hukatika. Chukua ramani ya karatasi na dira, na umpe mtoto mkubwa kazi ya kuisoma. Mtoto aliyepewa kazi hachoki upesi kama aliyeburutwa. Chukua na filimbi: ukipatwa na hatari, ipulize mara sita, ngoja dakika moja, pulizia tena. Kwa simu, piga 999, omba polisi, kisha waambie wataka kikosi cha uokoaji wa milimani.

Ya mwisho, mkifika nyumbani wakagueni watoto miguu na makwapa. Kangaga ina kupe, na kupe wa hapa huweza kuleta maradhi. Mng'oe polepole kwa kibanio, na ngozi ikifanya duara jekundu katika majuma yafuatayo, mwende kwa daktari.

ADABU ZA PORINI

Nyika iliyofunguliwa ina masharti yake, nayo ni rahisi. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge; ulilolikuta wazi, liache wazi, maana mchungaji ana sababu yake. Taka zako rudi nazo. Mbwa afungwe kamba kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, kwa kuwa wakati huo ndege wanaatamia chini, katika majani. Na moto usiwashwe kabisa. Mwezi wa Juni 2018 nyika ya Saddleworth, kaskazini ya hifadhi, iliungua siku nyingi, hata jeshi likaitwa kusaidia wazima moto. Udongo ule mweusi hushika moto ndani kwa ndani, na ukidhani umezimika huibuka mahali pengine. Kazi ya miaka elfu huteketea kwa kiberiti kimoja.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Huenda mwanafunzi akasema, "Hayo ni ya Ulaya, sisi yatuhusu nini?" Namjibu kwamba yamhusu sana. Nchi za Peak District hazikuokolewa na watu waliosoma habari zake vitabuni. Ziliokolewa na watu waliozitembea, na kwa kuzitembea wakazipenda, na kwa kuzipenda wakakataa zipotee. Nyika isiyojulikana na watoto wa leo haitakuwa na mtetezi kesho.

Wangapi kati yetu waliuona Mlima Elgon kila asubuhi kutoka dirisha la bweni, wasipande hata nusu yake? Upande wa Uganda mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993. Wageni hutoka mbali, wakalipa nauli na viingilio, wakaajiri viongozi wa njia ambao ni ndugu zetu wenyewe. Sisemi kila jamaa ipande Wagagai. Kuna maporomoko ya Sipi, kuna njia za mashambani, na kuna msitu wa chini ambao mtoto na babu yake wanaweza kuutembea asubuhi moja, wakiwa na kiongozi aijuaye njia. Na babu akiwapo, chukueni daftari, maana atajua majina ya miti ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Wazee wetu walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Basi ninyi mnaotoka shule na kuanzisha jamaa zenu, chagueni siku moja ya mapumziko, mfunge chakula, mtangulize mdogo, mwende. Na mwenye njia nzuri karibu na kwake aiandikie habari zake katika gazeti hili, ili sisi tulio mbali tukija likizo tujue pa kuwapeleka watoto.